Mzee Asianguke: Tengeneza Njia, Usimkataze Kutembea

Unamlea mzee nyumbani, au unamuuguza ndugu aliyepata kiharusi? Basi usingoje aanguke mara ya kwanza ndipo upange nyumba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wenye miaka 60 na kuendelea ndio wanaokufa zaidi. Kazi kubwa ya kuzuia haihitaji fedha nyingi. Inahitaji jioni moja na mtu mmoja wa kuisimamia. Uwe wewe.

Anza hivi. Giza likishaingia, kaa ukingoni mwa kitanda chake. Inuka, nenda chooni, rudi. Pita anapopita yeye, washa taa anayowasha yeye. Kila kinachokukwaza kiondoe au kiandike: kizingiti, mkeka uliokunjika pembe, waya wa feni, ndoo ya maji iliyoachwa koridoni, vitu vya wajukuu. Tengeneza njia hiyo kabla ya nyingine yoyote. Mzee huipita usiku, akiwa na usingizi na haraka, na wewe umelala.

Angalia urefu wa kitanda. Akikaa ukingoni, nyayo zote mbili zikanyage sakafu na magoti yakunjike kawaida. Kikiwa kirefu, mwite seremala apunguze miguu. Kikiwa kifupi mno, ambapo mzee hujisukuma mara tatu ndipo ainuke, seremala huyo huyo akiongeze.

Halafu tazama chandarua. Pindo linaloburuza sakafuni hunasa vidole vya mguu gizani. Lipinde na kulishona, libaki refu kiasi cha kuchomekwa chini ya godoro tu. Chandarua kibaki, kisiondolewe.

Tochi ya kuchaji au taa ndogo ya sola ikae pale mkono wake unapofika bila kuinuka. Umeme hukatika bila kuaga. Mwoneshe mahali pake, na kila jioni hakikisha ina chaji.

Mfundishe kuamka kwa hatua. Akae kwanza, miguu ikiwa chini. Achezeshe vifundo vya miguu kwa dakika moja hivi. Asimame akiwa ameshika kitu imara, atulie, ndipo atembee. Wazee wengi, hasa wanaotumia dawa za presha, hushukwa na presha ghafla wanaposimama, macho yakaingia giza. Siku ya kliniki omba apimwe akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika 3, daktari anatakiwa ajue.

Kama choo kiko nje, usimtoe usiku. Mwanaume mpe chupa yenye mdomo mpana. Mwanamke mtengenezee kiti cha choo: kiti imara chenye mikono, kilichotobolewa katikati, chini yake ndoo yenye mfuniko. Weka pazia. Mwaga mapema asubuhi, wewe mwenyewe, na usilizungumze mbele ya watoto. Mzee akiona aibu atakiacha kiti na kutoka nje kimyakimya, na hapo ndipo utakapomkuta chini.

Sasa ingia bafuni na chooni, ukae humo muda mrefu kidogo. Mwite fundi wa kuchomelea atengeneze vyuma vya kushikia, kimoja karibu na choo na kimoja mahali pa kuogea, vifungwe ukutani kwa bolti. Akimaliza, ning'inia wewe kwa uzito wako wote. Kikitikisika, kirudiwe. Bomba la maji, sinki na kitundikio cha taulo si vishikio. Hung'oka.

Aoge akiwa amekaa. Kiti cha plastiki kinafaa iwapo kina mikono, hakina ufa, na kimewekwa juu ya mkeka wa raba. Juu ya marumaru yenye maji miguu yake huteleza na kutanuka. Ndoo ya maji iwe juu ya kigoda, asiiname kuchota. Sabuni iwe kwenye kikapu kilichotundikwa usawa wa kifua. Sugua sakafu kwa brashi kila wiki, maana utelezi wa sabuni na ukungu hauonekani mpaka uukanyage. Komeo la ndani litoe, au weka linalofunguka kwa nje. Sitara anaweza kuipata kwa pazia.

Choo cha kuchuchumaa ni mtihani kwa mwenye magoti mabovu. Fundi huyo huyo anaweza kutengeneza fremu ya chuma yenye kikalio, ya kusimama juu ya tundu. Miguu yake ivishwe raba.

Kama mzee anaswali, atawadhe akiwa amekaa, na taulo iwepo hapo hapo. Miguu ikauke kabla hajaenda kwenye mswala. Anayepepesuka akiinuka kutoka sijida aswali kwenye kiti. Dini imemruhusu asiyeweza kusimama, na neno hilo huingia vizuri zaidi likisemwa na shehe wa msikitini kwake kuliko likitoka kwako.

Viatu viwe na kisigino kilichofungwa na soli isiyoteleza. Ndara iliyolegea hukunjika, na soksi tupu kwenye marumaru ni hatari zaidi. Dera, kanga na kanzu ziishie juu ya kifundo cha mguu. Kama zinaburuza, zipinde leo.

Kusanya dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile alizonunua mwenyewe dukani. Diazepam, amitriptyline na Piriton huleta usingizi na kizunguzungu. Lasix humpeleka chooni mara kwa mara, kwa hiyo uliza kama inaweza kunywewa asubuhi badala ya jioni. Insulini na glibenclamide zinaweza kushusha sukari, hasa akikosa chakula. Usikatishe dawa hata moja kwa uamuzi wako. Peleka mfuko mzima kwa daktari au mfamasia, umuulize ipi ipunguzwe.

Macho yapimwe kila mwaka. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mfupi, na anayeona vizuri hukwepa ngazi ambayo asiyeona huikanyaga pabaya.

Mkongojo nao una kanuni. Akiwa amesimama wima, amevaa viatu, mikono imening'inia, kichwa cha mkongojo kifike kwenye mkunjo wa kiganja na kigasha. Ushikwe na mkono ulio upande wa mguu mzima. Wengi huushika upande wa mguu mbovu, na hapo hauwasaidii. Raba ya chini ikilika, nunua nyingine siku hiyo hiyo. Kwenye ngazi, kupanda huanza mguu mzima, kushuka huanza ule mbovu.

Hapa niseme jambo ninalolishikilia. Katika familia nyingi mzee huambiwa, “Wewe kaa tu bibi, tutakuletea kila kitu.” Wanaosema hivyo wana mapenzi, lakini wanamdhoofisha. Misuli ya mapaja isiyotumika hupungua haraka, na siku atakapoinuka peke yake, magoti yatamwacha. Mwache atembee. Mazoezi ya nguvu na mizani hupunguza kuanguka kwa takribani robo, kwa wazee wanaoishi nyumbani. Ainuke kwenye kiti na kukaa tena mara tano, akizoea ziongezwe hadi kumi. Ashike meza nzito, anyanyue visigino, ashushe. Mara tatu kwa wiki au zaidi, ukiwa karibu naye. Babu akikataa “mazoezi”, mwombe akusindikize hadi kibarazani kila asubuhi na jioni.

Unataka kujua yuko katika hali gani? Aketi kwenye kiti, ainuke, atembee mita 3 kwa mwendo wake, ageuke, arudi, akae. Pima kwa simu. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yuko kwenye hatari ya kuanguka, na hilo litajwe kliniki.

Ukitembea na mgonjwa wa kiharusi, kaa upande wake dhaifu, nyuma kidogo. Akianza kudondoka usimvute mkono, utalitegua bega. Tanua miguu yako, mkumbatie kiunoni, mlete karibu na mwili wako, mwache ateleze kwenye paja lako taratibu hadi chini. Linda kichwa. Kumzuia asifike chini kwa nguvu zako kutakuumiza mgongo, kisha mtakuwa wawili msioweza kuinuka.

Sasa, ameanguka. Jambo la kwanza ni kutomwinua. Najua mikono inakimbilia makwapani. Izuie. Piga magoti pembeni yake, mwite kwa jina, muulize panapouma. Tazama anavyopumua. Tafuta damu, kisha ikandamize kwa kitambaa safi. Tazama miguu: mmoja ukionekana mfupi kuliko mwingine na kidole gumba kimegeukia nje, au maumivu yakiwa kwenye kinena na hawezi kunyanyua mguu, chukulia kuwa nyonga imevunjika.

Usikubali achuliwe. Jirani atakuja na mafuta ya moto na nia njema. Mshukuru, mwombe akusaidie kutafuta gari. Kukanda mfupa uliovunjika huusogeza na kuharibu nyama na mishipa iliyo karibu.

Ukishuku nyonga, shingo au mgongo, aendelee kulala alipo. Mfunike kanga au blanketi. Usimpe chakula wala kinywaji, huenda akahitaji upasuaji. Lakini kama ana kisukari, anatetemeka, anatoka jasho na ana akili timamu, huenda sukari imeshuka: koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji kidogo, anywe, na uwaambie hospitali. Aliyepoteza fahamu asipewe chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu kama anapumua na huna shaka na shingo.

Pikipiki hapana. Bodaboda ndiyo ya haraka, lakini kumkalisha mwenye nyonga iliyovunjika juu ya pikipiki ni kumtesa na kumzidishia majeraha. Tafuta gari analoweza kulala. Weka mto katikati ya miguu yake, ifunge pamoja kwa kanga kwenye mapaja, chini ya magoti na vifundoni, bila kukaza mno. Mbebeni juu ya ubao mpana au mlango, watu wanne, mmoja akitoa amri. Namba ya dereva wa gari wa mtaani iwe kwenye simu yako tangu leo.

Kama hana maumivu makali na anajongea vizuri, mwongoze ainuke mwenyewe. Ageuke ubavu. Apige magoti na kuweka viganja chini. Mletee kiti imara mbele, aweke mikono juu yake. Mguu wenye nguvu utangulie, asukume, ainuke. Wewe sogeza kiti cha pili nyuma yake akae. Apumzike baina ya kila hatua. Akishindwa hata mara moja, alale tena na uite msaada.

Amegonga kichwa? Aende hospitali hata kama anacheka, hasa kama anatumia warfarin, clopidogrel au aspirini. Damu inaweza kuvuja ndani ya fuvu polepole na dalili zikaonekana baada ya siku, hata wiki kadhaa. Kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganya maneno, kichwa kinachozidi kuuma, degedege, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, udhaifu wa upande mmoja: yoyote kati ya hayo, rudi hospitali saa hiyo hiyo. Usiku wa kwanza lala chumba kimoja naye.

Kabla hujasahau, andika kwenye daftari: saa ngapi, wapi, alikuwa anafanya nini, alivaa nini miguuni, alikula saa ngapi, alimeza dawa gani. Usimkaripie, wala usimkaripie dada wa kazi aliyekuwepo. Ukifoka leo, kesho wataficha. Akianguka mara ya pili, daftari litakuonesha kama ni saa ile ile, dawa ile ile au kona ile ile.

Hata kama hakuumia, mpeleke kliniki ndani ya siku chache. Vituo vingi vya serikali Tanzania vina dirisha la wazee, anzia hapo. Beba daftari na mfuko wa dawa. Waambie ameanguka, maana yeye mwenyewe atasema hajambo. Omba presha ya kulala na kusimama, sukari, macho, na rufaa ya fiziotherapia kama anatembea kwa kusitasita.