Ukipanda Amani, anza na viatu

Mbona unasisitiza viatu visuguliwe kabla ya kuingia Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani? Si vitachafuka tena?

Vichafuke kwa tope la Amani, si kwa tope la ulikotoka. Tope hubeba mbegu, na msitu huu wa Usambara Mashariki umeshaumizwa na wageni wa aina hiyo. Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha utafiti hapa mwaka 1902, waliotesha mimea kutoka pande nyingi za dunia, na mingine haikukubali kukaa bustanini. Hata Maesopsis eminii, ule mti Waganda wanaouita musizi, ni mgeni hapa. Hondohondo hula tunda lake na kudondosha mbegu huko mbele. Palipoachwa wazi na wapasua mbao, unachipua na kuwapita wenyeji kwa urefu. Hondohondo huwezi kumwambia apanguse mdomo. Wewe una brashi.

Mimi ni mwalimu. Nakuja na wanafunzi 60. Tupiteje?

Mwalimu, wagawe. Watu 60 wakifuatana, wa mbele wanavuruga tope na wa nyuma wanalikwepa kwa kukanyaga pembeni. Jioni njia ya mtu mmoja imekuwa ya ng'ombe. Mvua ya huku haina mzaha: inafuata nyayo zenu, inachimba, na udongo unateremka hadi mto Zigi, ambao maji yake ndiyo yanayonywewa Tanga mjini. Kwa hiyo piteni katikati ya tope, mchafuke. Kwenye kona kali msikate njia, hata kama mtoto mmoja ameshatangulia na anawacheka.

Lile ua dogo la zambarau, nikichukua mche mmoja tu?

Hapana. Afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka ua hilo kwao, na mwaka 1893 likaingia kwenye vitabu vya mimea kwa jina la Saintpaulia. Leo limejaa madirishani Ulaya. Kwao lenyewe limebaki kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, na aina nyingine ziko sehemu chache mno. Najua unachowaza: jani moja likichomekwa udongoni linaota. Kweli linaota, ndiyo maana wenye vitalu wanayo mengi. Nunua kwao.

Vijana wakinipa kinyonga nimshike nipige picha?

Usimlipe mtu. Ukilipia mmoja leo, kesho watakuwa watatu kwenye vijiti. Njoo usiku na mwongozaji. Kinyonga aliyelala hupauka, tochi inamwonyesha upesi juu ya tawi. Mtazame, kisha ondoa mwanga.

Kiingilio?

Hifadhi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Lipa kwa utaratibu wao rasmi na udai risiti.

Siafu je?

Chomeka suruali ndani ya soksi. Ukikuta msafara wao umekatiza njia, ruka na uendelee. Picha utapigia mbele.