Dondoo: Kupima arseniki na kromu katika maji ya Butembo na Beni

Maji meupe ya robine au chemchem yanaweza kubeba metali iwezayo kuleta kansa; jicho haliioni, maabara huiona.

1. Maabarani, taja arseniki na kromu kwa jina. Kipimo cha kawaida mara nyingi hutafuta vijidudu tu.
2. Omba chupa ya maabara. Ya soda, hata ikioshwa, inaweza kuharibu majibu.
3. Robine: jaza chupa moja alfajiri kabla ya kutumia maji, nyingine baada ya maji kutiririka dakika tano.
4. Chemchem: chota penyewe, si kwenye bidoni.
5. Kikomo cha OMS kwa lita: arseniki mikrogramu 10, kromu yote 50. Usisome miligramu, ni mara elfu zaidi!
6. Usichemshe ukitumaini kuiondoa metali: mvuke huondoka, metali hubaki. Klore nayo haiiondoi.