Miwani ya Jua kwa Mvuvi: Usinunue Giza

Ukiulizia miwani ya jua dukani, muuzaji atakusifia weusi wa lenzi. Mvuvi hahitaji weusi. Anahitaji kinga dhidi ya mionzi inayodhuru macho, na lenzi inayokata mng'ao wa maji ili aone kilichopo chini. Miwani nyeusi tii inaweza kukosa vyote viwili. Ikikosa kinga ya mionzi, giza lake ndilo tatizo: mboni hupanuka kutafuta mwanga, na mionzi ikapata mlango mpana zaidi.

Anza na mionzi

Tafuta alama ya UV400. Maana yake lenzi inazuia mionzi ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi hadi nanomita 400. Baharini mionzi hiyo hukupiga kutoka juu, kisha nyingine hurudi kutoka kwenye maji. Miaka ikipita, huchangia mtoto wa jicho na kile kinyama kinachoota pembeni mwa jicho, upande wa pua, kikatambaa kuelekea kwenye mboni.

Rangi ya lenzi haisemi lolote kuhusu kinga hii. Hata lenzi nyeupe isiyo na tone la rangi inaweza kuwa nayo. Kibandiko nacho yeyote anaweza kukichapa. Ukipata duka la miwani lenye kipimo cha lenzi, omba waipime yako.

Kisha pima polaraizi

Mwanga unaoakisiwa na uso wa maji hutetema zaidi kwa ulalo. Lenzi ya polaraizi ni kama uzio wa fito zilizosimama: fimbo iliyolazwa haipenyi. Mng'ao ukishakatwa, mwamba, mchanga na kivuli cha samaki hujitokeza.

Usiridhike na neno "Polarized" lililoandikwa kwenye kioo. Muombe muuzaji kikokotoo chake, kitazame kupitia lenzi moja, kisha uzungushe miwani taratibu. Lenzi ya kweli itafika mahali tarakimu zipotee au kioo chote kiwe cheusi. Au toka nje, tazama boneti ya gari linalong'aa, uzungushe miwani nusu ya pembe mraba, kisha pembe mraba kamili: mng'ao usipobadilika, hiyo si polaraizi.

Jua pia mipaka yake. Mng'ao hukatika vizuri zaidi ukitazama maji mbele yako kwa mshazari, si ukitazama chini wima, na mawimbi yakiinamisha uso wa maji, inamisha kichwa kidogo upande mmoja. Skrini ya GPS au ya kutafutia samaki inaweza kuonekana imezima. Igeuze au geuza kichwa kabla hujamlaumu fundi. Wala lenzi haiondoi mpindo wa mwanga: samaki bado ataonekana juu zaidi ya pale alipo, kwa hiyo mwenye mkuki aendelee kulenga chini yake.

Rangi ifuate uvuvi wako

Anayekwenda maji makuu kutafuta jodari au nguru, kama wanaovua Mkondo wa Pemba, achague kijivu. Hupunguza ukali wa jua bila kuvuruga rangi za vitu. Anayevua maji mafupi kwenye miamba, au anayetembea juu ya mwamba wakati wa bamvua akitafuta mashimo ya pweza, atafaidika na kahawia au rangi ya shaba, kwa sababu hutenganisha vizuri mwamba, majani na mchanga. Njano ni ya alfajiri na siku za mawingu mazito. Jua likipanda haitoshi.

Ndani ya mkono wa fremu mara nyingi kuna namba kuanzia 0 hadi 4, ambayo ndiyo kipimo cha giza. Namba 3 hupitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga, na ndiyo inayowafaa wengi mchana. Namba 4 hupitisha asilimia 3 hadi 8 tu: usiendeshe nayo gari wala bodaboda ukirudi kutoka pwani. Magharibi ikikaribia, vua miwani.

Fremu na lenzi

Chagua fremu iliyopinda kufuata uso, maana mwanga wa pembeni na wa chini huingia kwenye kila upenyo. Ivae, inama, tikisa kichwa. Ikiteleza dukani, itazama baharini. Fremu ya plastiki ngumu ni bora kuliko ya chuma, ambayo chumvi huila, hasa kwenye skrubu. Ifunge kamba ya shingoni, ikiwezekana yenye boya dogo.

Lenzi ya kioo haikwaruziki upesi, lakini ni nzito na inaweza kupasuka. Anayerusha ndoana achague polikaboneti: ni nyepesi na hustahimili pigo, ila hukwaruzika kwa urahisi.

Itunze hivi

Usifute lenzi kavu kwa shati. Chumvi iliyokauka ni chembe kali. Imwagie kwanza maji baridi yasiyo na chumvi, ndipo uifute kwa kitambaa laini. Dawa ya mbu ya kujipaka hula plastiki, basi nawa mikono kabla ya kuishika. Usiiache juu ya injini wala kwenye dashibodi juani.

Fedha ikiwa kidogo

Lipia kwanza kinga ya mionzi, pili polaraizi, tatu fremu inayokukaa vizuri. Rangi ije baada ya hapo, na jina la kampuni liwe la mwisho kabisa. Pamoja na miwani vaa kofia yenye ukingo mpana ambao chini yake ni mweusi, usirudishe mng'ao machoni. Na kama unavaa miwani ya daktari, uliza vioo vya polaraizi vya kubana juu yake, badala ya kuiacha nyumbani na kwenda kuvua ukibahatisha.