Umepewa usimamizi? Usianze kwa kutafuta kupendwa

Jana mlikuwa mnachangiana chipsi. Leo wewe ndiye unayepanga zamu, na wenzako wanakutazama waone utakuwa bosi wa aina gani. Tafuta heshima kwanza. Mapenzi yao yatafuata, na yasipofuata, kazi itaenda vilevile.

Anza na ratiba ya zamu, maana hapo ndipo unapopimwa. Ibandike ukutani siku kadhaa kabla ya wiki kuanza. Mapumziko ya Jumapili yazunguke kwa wote, na mshkaji wako wa zamani asiruke foleni. Hasa huyo! Akipumzika Jumapili mbili mfululizo, wenzake wameshahesabu.

Jua haki zao kabla hawajakuuliza. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki. Ovataimu hailipwi chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Likizo ya mwaka ni siku 28. Kwa hiyo andika saa za kila mtu kwenye daftari, zipeleke kwa mhasibu, fuatilia, kisha rudisha jibu. Hata likiwa "bado", lirudishe.

Soda za Ijumaa? Nunua ukipenda. Ila anayedai ovataimu ya mwezi uliopita hazitamshuka vizuri.

Mtu akikosea, mvute pembeni. Taja kosa moja, la leo, na useme unachotaka kuanzia kesho. Dakika tano zinatosha. Usimseme kwenye grupu la WhatsApp. Hapo hata aliyekosea kweli ataanza kuonekana ameonewa.

Akiomba ruhusa, mjibu siku hiyohiyo. Msiba usiujadili, panga tu wa kumshikia zamu. Kwa ruhusa nyingine, kama haiwezekani, sema haiwezekani na sababu yake. "Nitaona" inachosha watu kuliko "hapana".

Fedha zako usizikopeshe. Anayeomba mkopo mwelekeze kwenye utaratibu wa advansi wa ofisi, kama upo. Anayekudai au unayemdai ni mgumu kumkanya.

Na mteja akimfokea mfanyakazi wako, sogea wewe. Mwombe mteja radhi panapostahili, mhudumie, aondoke. Kama kijana wako kweli alikosea, hayo mtayamaliza pembeni mkiwa wawili.