Je, Kumwachisha Mtoto Ngano na Maziwa Kunapunguza Usonji?



Ndugu zangu wanafunzi, somo hili limetokana na swali la dada mmoja anayeuza nguo Nakivubo. Mwanawe wa miaka minne ana usonji. Haongei, na anakubali vyakula vitatu tu: chapati, maziwa na mayai. Ameshauriwa amwachishe ngano na maziwa ili apate kusema. Kwa kuwa ninasoma lishe, akaniuliza.

Rai hii ilitoka wapi?

Mwaka 1979 mwanasayansi Jaak Panksepp alitoa dhana kwamba usonji unahusiana na kemikali za ubongo zinazofanana na afyuni. Baadaye wengine wakadai kwamba kemikali za namna hiyo hutokana na gluteni, protini ya ngano, na kaseini, protini ya maziwa, zisipomeng'enywa vizuri. Wazazi wengi wakaanza kuviondoa vyakula hivyo.

Majaribio yameonyesha nini?

Mwaka 2006 watafiti wa University of Florida walichapisha jaribio la watoto 15 kwa wiki 12. Wazazi hawakujua ni lini mtoto anakula chakula kipi. Vipimo havikuonyesha tofauti ya maana, ingawa baadhi ya wazazi walisema wameona nafuu. Wazazi hao hawakusema uongo. Mwenye matumaini huona anachokitarajia. Ndiyo maana tunapima. Majaribio haya ni madogo, lakini mwaka 2013 taasisi ya NICE ya Uingereza iliagiza vyakula hivyo visiondolewe kama tiba ya dalili kuu za usonji kwa watoto.

Tutazame pia sahani zetu. Matoke, posho, muhogo na wali havina gluteni, na ndivyo tunavyokula kila siku. Hata hivyo usonji upo Uganda, kama walivyoonyesha Angelina Kakooza-Mwesige wa Makerere na wenzake mwaka 2014.

Madhara yake

Mtoto huyu akinyimwa chapati na maziwa, atabakiwa na mayai. Atakosa nguvu, na atakosa madini ya kalisi yanayojenga mifupa. Unga usio na gluteni wa dukani nao ni ghali kwa mama wa sokoni.

Dini inatuelekeza wapi?

Sura al-Maida, aya ya 87, inatukataza kuviharamisha vitu vizuri tulivyohalalishiwa. Mgonjwa kuacha chakula kinachomdhuru hakumo katika katazo hilo, maana kujikinga na madhara ni wajibu. Lakini madhara yathibitishwe kwanza. Na katika Hadithi, anayetibu watu bila kujua utabibu hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Basi tusigawe ushauri wa tiba kwa sababu tu tumeupata kwenye simu.

Nilivyomjibu

Nilimwambia: dada yangu, endelea kumlisha. Akiharisha, akifunga choo au akivimba tumbo, mpeleke hospitali apimwe mzio wa maziwa au ugonjwa wa gluteni. Hayo yakithibitika, chakula kibadilishwe chini ya uangalizi, kwa ajili ya tumbo lake. Kuhusu kusema, uliza Mulago juu ya mazoezi ya lugha, na ucheze naye kila siku.

Maswali ya halaka

1. Kwa nini wazazi katika jaribio hawakuambiwa mtoto anakula nini?
2. Tutamsaidiaje mama kama huyu bila kumlaumu?

Allah awape wazazi hawa subira na awaongoze watoto wao. Amin.