AMBREYAJI YA MOTOKARI YA ZAMANI: INADUMU MUDA GANI?

Ndugu mtumikaji, tuseme jirani yako wa Bel-Air ana motokari ya zamani ya mbio, kama ile Datsun 240Z iliyoshinda mashindano ya Safari katika Afrika ya Mashariki mwaka 1971 na 1973. Anajivuna: «Ambreyaji ni ile ile ya kiwandani. Haijabadilishwa hata siku moja!» Je, ni jambo la kujivunia, ao ni hatari?

Ambreyaji ni nini?

Ni diski inayokaa kati ya motere na sanduku la vitesi. Pande zake mbili zimefunikwa kwa bamba la kusuguana, lililofungwa kwa riveti. Ukikanyaga pedali, diski inaachana na motere. Ukiachilia, inashikamana nayo. Kila mara inaposhikamana inasuguliwa kidogo, na hivyo inakwisha polepole.

Inadumu muda gani?

Hakuna hesabu moja. Mara nyingi inafika kilometa 80.000 mpaka 150.000. Shofere mwenye mguu mwepesi, anayesafiri sana njia ndefu kama ile ya Likasi na Kolwezi, anaweza kupita 200.000. Anayetembea katika mji na kuacha mguu juu ya pedali saa zote anaweza kuimaliza mbele ya 30.000.

Lakini miaka nayo inaharibu. Mipira inakauka, mafuta ya motere yanavuja juu ya diski, nayo inateleza. Motokari ikilala katika lupango masika mengi, diski inashika kutu na kunata.

Utajua namna gani kama imechoka?

1. Motere inapiga kelele, lakini mbio haiongezeki.
2. Kuna harufu ya kitu kinachoungua.
3. Motokari inaondoka tu wakati pedali iko karibu kurudi juu kabisa.
4. Vitesi vinaingia kwa shida na kwa kelele.

Jaribu hivi, mahali pa wazi, bila mtu mbele wala nyuma: vuta freni ya mkono, tia vitesi ya tatu, achilia pedali polepole. Motere ikizimika, diski ingali inashika. Ikiendelea kuzunguka, kanyaga pedali mara moja, zima, na upeleke motokari kwa fundi. Usirudie mara nyingi, maana unaichoma.

Usingoje siku ya kupita lori la madini katika barabara ya Likasi, ao ya kuvuka reli. Siku ile utakanyaga mafuta, motere italia, na motokari haitaendelea.

Vumbi linaloua

Hapa ndipo hatari kubwa. Ambreyaji nyingi za zamani zilitengenezwa kwa amianti. Vumbi lake halionekani vizuri, halina harufu, na linaingia ndani ya mapafu. Linaleta ugonjwa wa mapafu na kansa, mara nyingi nyuma ya miaka 20 mpaka 40. Kwa hiyo, diski ikiwa ile ya kiwandani, uihesabu kuwa na amianti.

Katika mgodi tunatoboa jiwe kwa maji ili vumbi lisiruke. Nyumbani ni vilevile:

— Usipulize vumbi kwa kinywa wala kwa hewa ya kompresa. Usifagie.
— Nyunyiza maji, pangusa kwa kitambaa chenye maji, funga vyote katika mfuko wa plastiki.
— Kitambaa cha kufunika pua hakitoshi juu ya vumbi hili.
— Watoto wakae mbali. Mama asikung'ute nguo za kazi. Azilowanishe na kuzifua peke yake.
— Nunua diski mpya isiyo na amianti.

Tena, usiingie chini ya motokari inayoshikwa na kriki peke yake. Weka viti vya chuma vyenye nguvu. Sanduku la vitesi ni zito: mshushe watu wawili.

Ndugu, diski inanunuliwa. Mapafu hayanunuliwi.