Kampuni inachukua usafi, miaka yangu inaenda wapi?

Ninafanya usafi kwenye kituo cha afya cha serikali huku Hanang, sasa ni mwaka wa 6, nalipwa kama kibarua. Juzi tumeitwa tukaambiwa usafi na ulinzi vinakwenda kwa kampuni. Anayetaka kubaki asaini mkataba wa kampuni, asiyetaka aondoke. Mkataba ni wa miezi 3, na ndani yake tunakiri kwamba hatuna madai ya nyuma. Nina watoto wawili shuleni. Nisaini?
Mama B., Nangwa

Mama, kazi usiiache, ila kukiri huko usikusaini.

Wizara na hospitali kubwa zimekuwa zikiwapa wazabuni usafi na ulinzi tangu mageuzi ya utumishi wa umma ya miaka ya 2000, na sipingi wahudumu wa afya kubaki na wagonjwa wao. Kinachoniuma ni jinsi zabuni hizi zinavyoshindaniwa. Bei ya sabuni na dawa ya kuua vijidudu haishuki kwa sababu mzabuni amebadilika. Anayetaka kushinda kwa bei ya chini anakata kwa mfagiaji.

Jina la kibarua lisikutishe. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamchukulia kuwa mwajiriwa mtu aliyemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3, isipokuwa mwajiri athibitishe vinginevyo. Wewe unazidi hapo kwa mbali. Kwa hiyo anayekuachisha ana hesabu ya kufunga nawe: notisi, likizo ambazo hukulipwa, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika. Kwa miaka 5 kamili ni siku 35. Lakini angalia: anayekataa kazi mbadala bila sababu ya msingi anaweza kukipoteza kiinua mgongo hicho, hata kama kazi yenyewe ni ya mwajiri mwingine. Ndiyo maana nasema usiondoke kwa hasira.

Mwandikieni mganga mfawidhi barua, wote mliomo, mkiomba hesabu hiyo ifungwe kwa maandishi na mstari ule wa kukiri ufutwe. Wakigoma, nendeni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, mkoani Babati. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa ndani ya siku 30. Madai mengine ndani ya siku 60. Msisubiri ahadi ya mdomo ikamaliza siku zenu.

Kwa kampuni, ulizia NSSF. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe hukatwi zaidi ya nusu yake. Ulizia pia glavu nzito, mabuti na chanjo ya homa ya ini, kwa sababu taka za kituo cha afya zina sindano ndani yake. Asiyekupa hivyo anakuweka hatarini, hata mshahara uwe mzuri.

Jambo la baadaye: Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu, wanawake wakiwemo. Mkiunda kikundi, kinaweza kujisajili kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, na kuomba zabuni hiyohiyo. Anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, muulizieni na mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, maana mzabuni hulipa watu wake kabla serikali haijamlipa.

Kwanza kabisa, piga picha kurasa za daftari la mahudhurio zenye saini yako, na tunza meseji zote za malipo. Fanya hivyo kabla kampuni haijaleta daftari jipya.